Mdogo wangu hali, halali, anagawa vitu vyake: tuanzie wapi? (Minnesota, Marekani)

Dada wa Saint Paul:
Habari za jioni ndugu zangu. Nina mdogo wangu hapa nyumbani, si wa damu, tumetoka mtaa mmoja Tanga. Anapiga shifti za usiku nyumba ya wazee. Mama yake alifariki, akashindwa kwenda kuzika kwa sababu ya makaratasi. Toka hapo hali, halali, simu za nyumbani hapokei. Jana kampa mwanangu koti lake la baridi, na hii ni Januari! Namuuliza, ananijibu "mimi nimeshamaliza." Kuita polisi naogopa. Anayejua njia anisaidie.

Nesi, Brooklyn Park:
Pole sana dada. Mtu kugawa koti Januari, hilo si la kusubiri wikendi. Kaa naye leo hii, TV zima, umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Sisi tumezoea kuzunguka na "yatapita tu." Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, wengi wanashukuru kwamba mtu kathubutu. Akikubali, muulize kama ameshapanga namna na siku. Kama kapanga, asibaki peke yake, na dawa zote za nyumba, hata zako za presha, zipeleke kwa jirani. Bunduki kama ipo, nayo itoke.

Kisha pigeni 988, namba ya msaada kwa anayefikiria kujiua, usiku au mchana, bure. Hata wewe unaweza kupiga kuomba ushauri kwa ajili yake. Ukisikia mashine inasema bonyeza hiki na kile, usibonyeze, subiri mtu apokee, halafu sema "Swahili". Watamwita mkalimani aingie kwenye laini. Usitume meseji, huko ni Kiingereza na Kihispania tu. Mkalimani anaweza kuwa wa Bukavu au Mombasa, mwambie aseme polepole, si kosa.

Simu nyingi huishia kwenye mazungumzo, polisi hawaji. Hapa Minnesota kila kaunti ina timu ya afya ya akili inayokuja hadi nyumbani, na 988 watakuunganisha. 911, namba ya dharura, ni pale maisha yanapokuwa hatarini dakika hiyo. Ukipiga, anza na neno afya ya akili na uombe timu hiyo. Tangu 2021 sheria ya jimbo inataka itumwe pale inapofaa.

Akiogopa kushtakiwa, mtoe hofu. Kwetu Tanzania kujaribu kujiua bado kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217 (Kenya Mahakama Kuu ilikiangusha cha kwao Januari 2025). Hapa si jinai.

Emagensi lazima wampime na kumtuliza, awe na bima au hana, makaratasi au hana. Dai mkalimani wa hospitali, usikubali mwanao atafsiri mambo haya. Daktari akiona hatari anaweza kumzuia saa 72, na wikendi na sikukuu hazihesabiwi, kwa hiyo akiingia Ijumaa msishangae. Kazini semeni anaumwa, inatosha. Bili ikija, ulizeni msaada wa kifedha kabla hamjalipa hata senti.

Mzee wa Rochester:
Mimi naona arudishwe nyumbani akapumzike kwa ndugu zake. Hii baridi na upweke vinamaliza watoto wetu.

Nesi, Brooklyn Park:
Shikamoo mzee wangu. Upweke ni kweli kabisa. Ila kumpandisha ndege peke yake katika hali hii, mimi siungi mkono. Na akitoka bila makaratasi, mlango umefungwa. Atulie kwanza.

Mzee wa Rochester:
Marahaba. Basi tufanye hivi: huyu kijana hakumzika mama yake. Tumsomee marehemu khitma hapahapa, naye awe mwenyeji, apokee pole za watu. Shehe nitaongea naye. Sisemi aache daktari.

Dada wa Saint Paul:
Nimemuuliza. Kakubali, kalia sana. Tulipiga pamoja, mkalimani alikuwa mama wa Kikongo, akamwita "mwanangu" na ndipo akaanza kusema. Timu imekuja, hakulazwa, ana miadi Alhamisi. Dawa ziko kwa jirani. Khitma kasema sawa, ila watu wasiwe wengi.

Jumamosi niko kazini saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Nani anaweza kuja kukaa naye? Anakula wali wa nazi kidogo, nyama hataki.

Nesi, Brooklyn Park:
Mimi asubuhi mpaka saa sita. Anayefuata aandike hapa.