Tupeane uzoefu: duka lako la mtandaoni linaonyesha bei kwa pesa ya nani?

Muuza Taa, Kirumba
Mwangaluka wakuu. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna nchi tatu na zote tatu pesa yake ni shilingi, shida inaanzia hapo. Nauza taa za sola za kuvulia dagaa, betri na vipuri vya injini za boti, duka lipo Kirumba, Mwanza, ila siku hizi oda nyingi zinaingia kwa mtandao, Musoma, Bukoba, mpaka Kisumu na Entebbe. Sasa mtu wa Kisumu akifungua akakuta taa imeandikwa "Sh 85,000" anashtuka, kwao hiyo ni bei ya ng'ombe. Wengi wanafunga hapo hapo, wachache ndo wanapiga kuuliza "hizo ni za wapi?". Tulipoweka TZS (shilingi ya Tanzania), KES (ya Kenya) na UGX (ya Uganda) mbele ya kila bei hizo simu za kuuliza zikaisha. Msimamo wangu: muonyeshe mteja bei ya kwao, lakini namba anayoiona ndo iwe namba anayokatwa. Kama mfumo wako wa malipo hauwezi kumkata kwa pesa yake, mwandikie pale pale chini ya bei kwamba atakatwa TZS na hiyo nyingine ni makadirio. Wauzaji na wanunuzi karibuni, mnafanyaje?

Dada wa Nyegezi
Naongea kama mnunuzi. Kuna duka la nje nilinunua vifaa vya kupigia picha, bei zote nimeoneshwa kwa shilingi ya kwetu vizuri kabisa, kufika sehemu ya kulipia imegeuka dola kwa maandishi madogo, na benki ilipokata ikawa juu ya ile niliyoiona. Nilipouliza benki nikaeleweshwa kwamba duka lilikuwa linaonyesha reti ya sokoni tu, ila kadi inabadilishwa kwa reti nyingine halafu yanaongezwa makato ya muamala wa nje. Iliniuma kwa sababu bajeti ilikuwa ya kubana. Tena mjue, wakati mwingine duka linakuuliza lenyewe ulipe kwa shilingi au kwa pesa yao, ukichagua shilingi wanabadilisha wao na mara nyingi reti yao ina nyongeza ndani. Soma reti kabla ya kubofya.

Fundi Tovuti, Buzuruga
Muuza Taa umegusa penyewe. Mimi natengenezea watu maduka kwa WooCommerce, programu ya kujengea maduka ya mtandaoni, na malalamiko makubwa ninayopata ni haya: mteja yupo Mwanza mjini anaona bei za Uganda. Sababu huwa ni kashe. Tovuti ili iwe nyepesi inahifadhi nakala ya ukurasa, sasa wa kwanza kufungua akiwa mtu wa Kampala nakala inahifadhiwa na UGX yake, anayefuata wa Igoma anapewa ile ile. Kwenye mpangilio wa mahali alipo mteja kuna chaguo la kutambua nchi linaloenda pamoja na kashe, weka hilo, halafu jaribu kwa simu ya mtu aliye nje usijaribu kwa yako tu. Kingine, UGX haina senti. Mifumo mingi ya malipo inapokea kiasi kikiwa kwenye senti, yaani bei mara mia, sasa ukiichukulia UGX kama TZS bila kusoma maelekezo yao, oda ya 119,000 inaweza kwenda kama 11,900,000. Hapo mteja humpati tena.

Kijana wa Sirari
Fundi hiyo ya kutambua nchi huku mpakani haifanyi kazi vizuri, wengi tuna laini mbili, nikiwasha data ya laini ya Kenya nipo nyumbani kwangu Tanzania duka linaniwekea KES na gharama ya kusafirisha nje ya nchi juu. Naombeni wenye maduka muweke kitufe mtu achague nchi mwenyewe, na akishachagua kibaki hivyo hivyo mpaka analipa.

Mama Vitenge, Makoroboi
Mimi nilikataa kubadilisha kwa reti ya kila saa. Bei inatoka 1,237.60, mteja akirudi jioni anakuta nyingine anahisi anaibiwa. Kwa wateja wangu wa Kenya naweka bei mwenyewe, naizungusha kwenye hamsini, naipitia kila Jumatatu. Ila lazima uwe macho jamani, mnakumbuka mwisho wa 2024 shilingi yetu ilivyopanda, dola ikatoka juu ya 2,600 ikashuka karibu 2,400? Mkenya alikuwa analipa ile ile, kuingia kwangu imepungua, na mzigo nimeununua kwa bei ya zamani. Tangu hapo naacha nafasi kidogo kwenye bei ya nje.

Mtembeza Wageni
Sisi wa safari za Serengeti kupitia lango la Ndabaka tulizoea dola kila mahali. Tangu zile kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za 2025, kutangaza bei ya bidhaa au huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni ni marufuku, kwa hiyo tovuti yetu ikaanza upya, shilingi ya Tanzania ndo bei. Mgeni anabadilisha kwenye benki yake.

Muuza Taa, Kirumba
Ahsanteni sana. Kijana wa Sirari, kitufe tunakiweka wiki hii, na gharama ya usafiri itafuata anwani ya kupokelea mzigo sio laini ya simu. Mama Vitenge nikuulize, mteja akirudisha mzigo reti ikiwa imeshabadilika unamrudishia ipi? Sisi aliyelipa 4,250 KES anarudishiwa 4,250 KES, tofauti tunabeba wenyewe.

Mama Vitenge, Makoroboi
Hiyo hiyo baba. Yeye alitoa za kwake, anarudishiwa za kwake.