Mjadala: Gari la mbio la mwaka 1967 kwenye simuleta libadilishwe gia kwa mkono au kwa vibonyezo?

Ndugu wadau, naleta mada hii kwa sababu sisi tunaokutana Sinza kila Jumamosi kushindana kwenye simuleta, yaani mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari kwa usukani na pedeli, tumegawanyika. Baadhi yetu wanataka kanuni iruhusu vibonyezo vya nyuma ya usukani, pamoja na klachi inayojiendesha yenyewe, hata kwa magari ya zamani. Mimi napinga.

Tunashindana tukitumia Lotus 49, gari la Formula 1 ambalo dereva Jim Clark alishinda nalo huko Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1967, zikiwa mbio za kwanza kabisa za gari hilo. Gari hilo lina mkono wa gia. Vibonyezo viliingia Formula 1 mwaka 1989, Ferrari ilipoleta gari lake la 640. Isitoshe, giaboksi nyingi za mbio za enzi hizo, zikiwemo za kampuni ya Hewland, hazikuwa na sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha mwendo wa meno ya gia kabla hayajashikana, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa juu ya mguu wa dereva. Tuseme uko gia ya 4, injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika, na gia ya 3 huizungusha robo zaidi kwa mwendo uleule: ni lazima uipandishe hadi 7,500 kwa kugusa mafuta, huku mguu huohuo wa kulia haujaachia breki.

Fundi mmoja mzee wa Gerezani, aliyewahi kuendesha lori la giaboksi ya namna hiyo, alinionyesha akiwa amekaa kwenye stuli, bila gari: akakanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akagusa mafuta, akakanyaga klachi tena, ndipo akaingiza. Kiganja chake kilikuwa wazi. Hakuukaba mkono wa gia, aliusindikiza tu. Programu ikikufanyia yote hayo, sioni tumeshindana katika nini.

Mchangiaji wa kwanza: Kaka mleta mada, hoja yako naiheshimu, lakini unasahau mfuko. Usukani kama Logitech G29 unakuja na pedeli 3, ila mkono wa gia unauzwa peke yake, na vijana wengi wanaokuja pale wamejibana miezi kadhaa kuupata huo usukani tu. Tena unakaza kamba kupita hata madereva wenyewe, kwani kwenye giaboksi isiyo na sinkronaiza dereva mzoefu hupandisha gia bila klachi, kwa kuachia mafuta kidogo na kuuvuta mkono. Je, na yeye tutamfungia?

Mleta mada: Ndugu yangu, kwenye kupandisha gia umenirekebisha na nakubali, klachi isiwe lazima hapo. Kuhusu mfuko pia una haki, nami sitaki kijana yeyote arudishwe mlangoni. Hata hivyo, ulivyosema mwenyewe, pedeli ya klachi tayari anayo, basi anayetumia vibonyezo azime msaada wa programu na akanyage klachi mwenyewe anaposhusha gia.

Linabaki jambo moja ambalo klachi haiwezi kulifidia, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Katika mpangilio wa kawaida, gia ya 2 na ya 4 zote huvutwa nyuma, na dereva aliyechoka, akitoka ya 5 kwenda ya 4, anaweza kuangukia ya 2 na kuizungusha injini ya Cosworth ya Lotus hiyo mbali kupita mizunguko 9,000 kwa dakika inayostahimili. Mbio zake zimekwisha. Mwenye vibonyezo hawezi kukosea hivyo, maana gia zake hufuatana moja baada ya nyingine, na hofu hiyo humpunguzia mwendo mwenzake mwenye mkono wa gia katika kila kona. Kwa hiyo napendekeza matokeo ya wenye vibonyezo yaandikwe kwenye jedwali tofauti, siku ileile, kwenye njia ileile.

Jumamosi hii nitakuja na mkono wangu wa gia niufunge kwenye meza, kila mmoja aendeshe raundi 10 kabla hatujapiga kura.