Kocha wa miruko chuoni: apimwe kwa pointi au kwa sentimita?

Kisigino (mwanzisha mada)
Wadau, kuna jambo linanikera. Kwenye vyuo vya Marekani kocha wa miruko ni msaidizi tu. Anabeba kuruka chini, miruko mitatu, kuruka juu, mara nyingi na kuruka kwa upondo (ile fito ndefu), na wengi wanarundikiwa dekathloni na heptathloni pia, yaani mashindano ya michezo kumi na ya michezo saba. Msimu ukiisha anaulizwa swali moja: umeleta pointi ngapi kwenye ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani? Mshindi anapata 10, wa pili 8, wa tatu 6, hadi wa nane anayepata 1. Wa tisa hana kitu. Sasa binti ameingia anaruka mita 5.70, ameondoka na 6.30, na kwenye ubingwa kawa wa kumi na mbili. Kocha wake hajafanya kazi? Kocha wangu mwenyewe aliondolewa kwa hesabu hiyohiyo. Chuo sikitaji.

Mzee wa Kipenga
Pole, lakini pointi ndiyo kazi yenyewe. Chuo kikichukua kuruka chini na miruko mitatu tayari kina 20 mkononi. Mnaikumbuka Arkansas? Ubingwa wa NCAA wa riadha ya ukumbini mara 12 mfululizo, 1984 hadi 1995. Watu wanamsifu kocha mkuu John McDonnell, mtu wa mbio ndefu, wanasahau kwamba mashimo ya mchanga yalikuwa chini ya Dick Booth. Mike Conley alitoka kwake, akaenda Olimpiki ya Barcelona 1992 akaweka rekodi ya dunia ya miruko mitatu. Huyo ndiye kocha. Na tuambiane ukweli: asiyewahi kuruka hawezi kufundisha kuruka. Siku hizi wamejaa watu wa kompyuta.

Dada Upondo
Shikamoo mzee. Conley aliruka 18.17 akachukua dhahabu, ila rekodi haikuwa. Upepo wa mgongoni ulisoma mita 2.1 kwa sekunde, na mwisho unaoruhusiwa kwa rekodi ni 2.0. Rekodi ilibaki kwa Willie Banks, 17.97 ya mwaka 1985, hadi Jonathan Edwards alipoivunja 1995. Sehemu moja ya kumi ya upepo ilimnyima mtu rekodi ya dunia. Na wewe bado unataka kocha apimwe kwa namba moja ya siku moja?

Mzee wa Kipenga
Marahaba binti. Upepo nakubali, nimekosea. La pili, la asiyewahi kuruka, silirudishi.

Hatua ya Sita
Hilo la pili ndilo limenileta. Mimi sijawahi kuvuka mita sita maishani mwangu, na nimefundisha miruko kwa miaka mingi. Unajua nafanya nini siku ya mashindano, mzee? Siuangalii ubao wa kurukia hata kidogo. Naangalia alama niliyoiweka hatua sita kabla ya ubao. Mrukaji akikanyaga mbele ya ile alama, atabana hatua za mwisho. Akikanyaga nyuma yake, atanyoosha mguu kuutafuta ubao, na mguu ukitangulia kiwiliwili unageuka breki. Upepo ukianza kusukuma mgongoni hatua zinarefuka, kwa hiyo namwonyesha kwa vidole arudishe alama ya kuanzia kabla hajapiga faulo, yaani kukanyaga kupita ubao. Kazi hii ni ya macho. Usinitukane kwa sababu ya magoti yangu.

Mzee wa Kipenga
Sijakutukana. Nasema macho pekee hayatoshi. Kuna kitu mwili unajua ukiwa hewani ambacho huwezi kukiona ukiwa umekaa kwenye benchi.

Ubao Mweupe
Mzee ana hoja. Mtazameni Carl Lewis: dhahabu nne za kuruka chini, 1984 hadi 1996, na 2023 akafanywa kocha mkuu pale Houston alikosoma.

Hatua ya Sita
Na Lewis alifundishwa na nani? Tom Tellez. Onyesha medali ya Olimpiki ya Tellez.

Ubao Mweupe
Tellez ni mmoja kati ya elfu.

Hatua ya Sita
Na Lewis ni mmoja kati ya wangapi?

Dada Upondo
Jamani, mwenye mada alikuwa na swali lake.

Godoro
Nyote mnawapa makocha sifa kubwa mno. Dick Fosbury aligeuza kuruka juu kwa dunia nzima, akachukua dhahabu Mexico 1968 kwa mita 2.24, na kocha wa chuo hakumfundisha mtindo ule wa kuvuka fito kwa mgongo. Alianza nao akiwa sekondari huko Oregon. Alipofika Oregon State, kocha Berny Wagner alijaribu kumrudisha kwenye mtindo wa zamani! Kilichomsaidia ni godoro la sponji. Ungeangukia mgongo kwenye maranda ya mbao?

Kisigino
Ndugu Godoro, ila malizia hadithi. Wagner alipoona kijana anavuka vizuri zaidi kwa mtindo wake mwenyewe, alimwachia. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa ya ukocha, kukubali kwamba ulichosomea kimepitwa mbele ya macho yako. Swali ni kama kocha wa leo angepewa muda wa kufika hapo. Angekuwa ameshaondoka.

Masafa
Kila mwaka kilio cha miruko. Vyuo vinapeleka pesa penye uhakika, na uhakika ni mbio ndefu. Henry Rono akiwa mwanafunzi Washington State mwaka 1978 alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa chuo cha Texas pale El Paso, na 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Nani alirukia mchanga akaleta hayo?

Dada Upondo
Umegusa pabaya. Kwa miaka mingi kila chuo cha Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la NCAA, kiliruhusiwa skolashipu 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, riadha na mbio za nyika zikigawana humohumo, na moja iliweza kukatwa vipande. Kocha mkuu akiwa mtu wa mbio ndefu, sisi wa upondo tulikatiwa kipande. Nilisomea robo ya skolashipu. Nyingine alilipa baba yangu, na sikusahau. Usije hapa kunihesabia siku za Rono, ambaye namheshimu kuliko wewe.

Masafa
Pole dada, sikukusudia wewe.

Ubao Mweupe
Mfumo huo umebadilika 2025 baada ya kesi ile ya House, ya wanariadha dhidi ya NCAA. Vyuo vilivyojiunga na makubaliano yake havina tena hesabu ya skolashipu, kuna kikomo cha wanariadha 45 kwa kikosi.

Kisigino
Na hapo ndipo kocha anaumia zaidi. Nafasi zikiwa 45, wa kwanza kukatwa ni yule wa mita 5.70 ambaye angehitaji miaka mitatu. Tena tangu 2024 mwanafunzi mwenye alama nzuri darasani anahama chuo mara atakazo bila kukaa nje msimu. Umemlea hadi 6.30, chuo chenye pesa kinamchukua, pointi anazipeleka huko, na wewe unaulizwa zako ziko wapi.

Mzee wa Kipenga
Hapo umenigusa. Ila mwanariadha naye ana haki ya kuhama. Hatumfungi kamba.

Kisigino
Sijasema afungwe. Nimesema kocha ahesabiwe hizo sentimita.

Mchanga Mbichi
Samahanini wakubwa, mimi ni mrukaji wa mwaka wa kwanza. Napiga faulo tatu kati ya sita na kocha ananisogezea alama kila mara. Hatua ya Sita, nifanyeje?

Hatua ya Sita
Mwanangu, unautazama ubao unapoukaribia?

Mchanga Mbichi
Ndiyo, hatua tatu nne za mwisho.

Hatua ya Sita
Acha. Inua macho, tazama ng'ambo ya shimo la mchanga. Mwombe kocha asimame kwenye hatua ya sita na mtu mwingine akurekodi kwa simu kutoka ubavuni. Ruka mara nane bila kubadilisha alama ya kuanzia, kisha rudi hapa uniambie mguu ulitua wapi kila mara.