Naomba ushauri: herufi kubwa kwenye vichwa vya kurasa vinavyotokea Google

Habari zenu wadau. Mimi na dada yangu tuna tovuti ya kuuza viungo vya Zanzibar: karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga. Sasa tunapanga upya vichwa vya kurasa, ule mstari ambao mteja anaubonyeza Google, na hatuelewani.

Dada anataka "KARAFUU ZA PEMBA KILO MOJA", yote herufi kubwa, ili jicho la mteja lituone kwanza. Mimi naona ni sawa na kumpigia mtu kelele sikioni. Google haitofautishi "karafuu" na "KARAFUU" mtu anapotafuta, kwa hiyo sioni herufi kubwa zitatupandishaje kwenye matokeo. Halafu herufi kubwa ni pana. Kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, na sisi bei tunaiweka mwishoni! Tena Google ikiona kichwa hakifai huweza kukibadilisha kwa maneno ya ndani ya ukurasa. Mfumo huo waliubadilisha Agosti 2021.

Kuna na njia ya kati, "Karafuu Za Pemba", kila neno herufi kubwa. Hiyo "Za" inanikera kwa kweli. Napendelea "Karafuu za Pemba" tu, kama tunavyoandika siku zote.

Mwenye duka la mtandaoni aliyejaribu mitindo hii na kulinganisha mibonyezo kwenye Search Console (zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti watu wangapi wamebonyeza), naomba anieleze aliona nini. Je, wateja wa Kiswahili wanavutwa kweli na herufi kubwa? Tungependa kumaliza kabla ya Ramadhani, maana ndipo oda zinapoongezeka.