Kamusi au kitabu cha mapishi?

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Mchezo wa Ijumaa huu hapa. Ulingoni vitabu viwili: kona hii kamusi ya Kiswahili, kona ile kitabu cha mapishi. Rafu ina nafasi ya kimoja tu. Mjomba atetee kamusi, Shangazi atetee mapishi. Hoja ije na ushahidi.

Shangazi Tanga: Marahaba mwanangu. Naanza na nammaliza hapo hapo. Kamusi ina neno "wali", lakini hakuna aliyewahi kushiba neno 😂

Mjomba: Marahaba. Shemeji, taratibu. Kamusi ndiyo inayokutenganishia mpunga wenye maganda, mchele uliokobolewa na wali uliopikwa. Asiyejua akienda dukani kuomba kilo ya wali, atarudi na kikapu kitupu.

Mdogo Wetu: Ila kwa jambo moja ni ndugu. Hakuna anayekisoma chochote kati yao toka mwanzo hadi mwisho. Unaingia, unachukua chako, unatoka.

Mjomba: Na kwenye kuingia ndiko watu wanakopotea, kwa sababu milango haifanani. Faharasa ya mapishi itakuwekea "viungo" kwenye V. Kwenye kamusi ukienda V utatoka mikono mitupu, maana nomino hukaa kwa umoja: nenda K, "kiungo". Meno yako J kwenye jino. Kuni ziko U kwenye ukuni. Kitenzi nacho lazima ukivue nguo moja moja. "Nimempikia": toa ni, toa me, toa m, imebaki pikia. Toa ile i ya kutendea, umefika pika. Sasa fungua P.

Wifi Mombasa: Kumbe ndiyo sababu watoto wanasema "neno hili halimo". Limo, wanagonga mlango usio wake.

Mjomba: Umesema kweli mwanangu. Na mfundishe mtoto hivi: kamusi ukiifungua katikati, mara nyingi unaangukia M, kwa kuwa majina ya m- ni mengi mno. Kuanzia hapo anajua arudi nyuma au asonge mbele. Asianze kupekua toka A.

Shangazi Tanga: Haya, umejitahidi. Sasa kamusi ikupikie wali wa nazi. Itakwambia ni wali uliopikwa kwa tui, basi. Kitabu changu kinasema hivi:

Mchele vikombe 2, uoshwe mara 3. Nazi 1 kubwa iliyokunwa. Tia kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, kamua, chuja: hilo ni tui zito, liweke kando. Machicha yale yale yatie vikombe 2 na nusu vya maji, kamua tena: tui jepesi. Teleka tui jepesi na chumvi kijiko 1 cha chai. Likichemka mimina mchele, punguza moto. Ukiona vitobo juu ya wali na tui limekaribia kukauka, mimina lile zito, geuza kwa mwiko mara moja tu, funika, palia makaa juu ya mfuniko, chini yabaki machache. Dakika 15.

Dada Mkubwa: Na ukitia tui lote mara moja, shangazi?

Shangazi Tanga: Tui zito likianza mwanzo linashika chini. Ukoko unaungua na kiini cha punje bado kigumu. Unaongeza maji kuokoa jahazi, juu kunakuwa bokoboko, chini makaa. Na ukigeuza geuza kila dakika, punje zinakatika, zinatoa wanga, wali unashikana.

Mjomba: Bokoboko! Asante kwa kuniletea neno. Kamusi itakwambia bokoboko ni chakula cha ngano na nyama vilivyopikwa hadi vikapondeka. Wali ulioharibika umeazima jina la chakula cha heshima.

Wifi Mombasa: Huku ukoko twauita matandu, na watoto waupigania 😋

Mdogo Wetu: Pointi moja kila upande. Mjomba, bado hujatuambia kamusi inamsaidia nini mtu aliyesimama jikoni.

Mjomba: Ngeli. Nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Ukitazama mabano pembeni ya neno: tui ni li-, mchuzi ni u-, maji ni ya-, nyama ni i-. Sasa soma mapishi: "Tia nyama kwenye tui, acha lichemke." Kinachochemka ni tui. "Acha iive": nyama hiyo. "Acha uwe mzito": mchuzi. Silabi moja tu inakuonyesha chombo gani ukikodolee macho. Mwandishi asiyejali ngeli anaandika "acha ichemke" kwa kila kitu, na msomaji habaini asubiri tui au nyama.

Dada Mkubwa: Jamani. Hiyo sikuwahi kuiona hivyo. Pointi mbili kwa Mjomba.

Shangazi Tanga: Namkubalia, ni kweli. Na vitenzi pia. Vitabu vingine kila kitu ni "pika", wakati jikoni kuna kuteleka, kuepua, kupwaza, kubanika, kuoka, kuunga, kupakua. Muhogo wa kupwaza ni wa maji na chumvi tu. Muhogo wa kuungwa una nazi na kitunguu. Ukiandika "pika muhogo" hujasema kitu.

Wifi Mombasa: Majina ya viungo nayo. Kitabu cha huku chasema dania, mtu wa Dar atafuta kotimiri, kamusi yasema giligilani. Jani ni lile lile. Uzile na bizari nyembamba vilevile ni kitu kimoja. Bila kamusi mtu anunua bizari ya manjano, atia kwenye pilau, pilau yageuka njano na ile harufu haipo.

Mdogo Wetu: Sasa tutaje dhambi za kila mmoja. Haki sawa.

Shangazi Tanga: Dhambi ya mapishi ni neno "kiasi". Chumvi kiasi, maji kiasi, pilipili kiasi. Anayejua hahitaji kitabu, na asiyejua hajasaidiwa. Dawa yake kalamu ya risasi: ukipika mara ya kwanza pima kwa kijiko, andika pembeni. Na kabla ya hapo soma kurasa za mwanzo za vipimo. Kikombe cha kitabu kwa kawaida ni mililita 250, kijiko cha chai 5, kijiko kikubwa 15. Vikombe vya chai vya nyumbani vingi ni vidogo kuliko hapo. Ukipimia mchele kwa kimoja na tui kwa kingine, uwiano umekufa. Tumia kikombe kimoja kwa vyote.

Mjomba: Na dhambi ya kamusi ni "aina ya". Mgunga: aina ya mti. Tasi: aina ya samaki. Hapo mtu amepewa mlango bila nyumba. Nyingine ni kuzungushana, neno A linakupeleka B, na B inakurudisha A. Na kama shemeji alivyosema, kurasa za mwanzo zisirukwe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981 na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015 zote zina orodha ya vifupisho. Dakika kumi za kuisoma, halafu nm (nomino), kt (kitenzi) na yale mabano yanaanza kusema.

Dada Mkubwa: Kuna neno linalokaa nyumba zote mbili?

Mjomba: Pishi! Ni umoja wa mapishi, na ni kipimo cha nafaka, vibaba vinne.

Shangazi Tanga: Tena vipimo hivyo ni vya ujazo. Kibaba cha mchele na kibaba cha unga havilingani kwenye mizani. Anayegeuza mapishi ya zamani kuwa gramu apime kila nafaka peke yake.

Wifi Mombasa: Shangazi, hebu rudi kwa tasi. "Aina ya samaki" haitoshi kabisa, yule ana miiba.

Shangazi Tanga: Ndiyo, na ina sumu. Ndiye huyo mnayemwita tafi huko. Kabla ya kumparua, chukua mkasi ukate miiba yote: ya mgongoni, ya tumboni na ile ya nyuma karibu na mkia. Ukichomwa, tumbukiza kidole kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua. Joto huipunguza nguvu sumu yake.

Mjomba: Hilo natamani lingekuwa kwenye kamusi yangu. Naliandika pembeni ya T sasa hivi.

Mdogo Wetu: Mjomba anaandika mapishi kwenye kamusi 😂 Rafu imeamua yenyewe.

Dada Mkubwa: Matokeo: sare, na rafu iongezwe ubao. Shangazi, tasi huyo ni wa kupaka au wa kukaanga?

Shangazi Tanga: Wa kukaanga. Mkate mikato mitatu kila ubavu, msugue chumvi, ndimu na kitunguu saumu, akae nusu saa. Mfute majimaji kwa kitambaa, vinginevyo mafuta yatakurukia. Mafuta yafike nusu ya unene wake, yapate moto kwanza, na usimgeuze mpaka aachie kikaango mwenyewe.

Wifi Mombasa: "Yafike" mafuta, "akae" samaki. Ngeli hizo mjomba 🙌