Naomba ushauri: injini ya trekta la bustani inazima ikipata moto

Habari zenu wakuu. Nina trekta dogo la bustani la miaka ya 1970, injini ya petroli ya silinda moja, inapozwa kwa hewa, inatumia pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) na koili ya betri (inayokuza umeme wa betri kwa ajili ya cheche ya plagi). Ikiwa baridi inawaka mara moja. Ikishachemka inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe.

Nimesafisha kabureta, nimebadilisha plagi na kondensa, uwazi wa pointi nimeuweka inchi 0.020. Kifuniko cha tangi nimekilegeza, wapi! Ikizima hivyo cheche inakuwa nyekundu na dhaifu, ndiyo maana naishuku koili, ingawa fundi mmoja anasisitiza vali ya egzosi inabana.

Koili naipimaje ikiwa bado ya moto? Au nianze na uwazi wa vali kabla sijanunua chochote?