Kibanda cha wali wa nyama choma Xiaobei: bata anayening'inia dirishani sio unayewekewa kwenye boksi, huu ni wizi!

Wakuu mlioko Guangzhou, China, na nyie mnaojiandaa kuja kufuata mzigo, someni hii kabla hamjatoa hela yenu. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka ila nitaeleza yote mwanzo mpaka mwisho, mtu asije akasema nimekurupuka.

Kuna kibanda cha chakula cha kubeba maeneo ya Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou, jina silitaji, dirisha moja tu na ndani watu watatu. Wanauza wali na nyama za Kikantoni, yaani za wenyeji wa huku, wenyewe wanaita siu laap. Kwa ambao hamjafika huku, ni bata, bata bukini, kuku na kitimoto wametundikwa kwenye ndoano nyuma ya kioo wanang'aa mafuta, mpishi kasimama na jisu lake pana mbele ya gogo la mviringo kama la bucha za kwetu, unanyoosha kidole unataka yupi, anamshusha, anakata ta ta ta, anapanga juu ya wali wa moto na mboga za majani pembeni, unalipa kwa simu unaondoka. Dakika mbili. Ni chakula cha mtu wa kazi. Mi huu mwaka wa sita nafunga mizigo ya watu kwenda Dar, na siku nyingi chakula changu cha mchana ni hicho, kwa hiyo siongei kama mgeni aliyeshuka jana.

Na asitokee mtu wa kuniambia "we nae unalia kwa ajili ya wali". Ile kazi ina ufundi jamani. Bata bukini anajazwa viungo tumboni anashonwa, anapulizwa upepo ngozi iachane na nyama, anamwagiwa maji ya moto, anapakwa siki iliyochanganywa na sharubati nzito ya nafaka, halafu anatundikwa masaa na masaa akauke ndo anaingia jikoni. Mateso yote hayo ni kwa ajili ya ngozi, ikauke, ukiuma ilie. Chasiu nayo, ile kitimoto nyekundu, inalowekwa kwenye soya, viungo na vitu vya sukari, inachomwa mpaka kwenye kingo inaungua kidogo, pale penye kuungua ndo penye utamu wenyewe. Kuku mweupe yeye hachomwi kabisa, anaivishwa taratibu kwenye maji ya moto yasiyotokota halafu anatumbukizwa kwenye maji ya barafu, ndo maana ngozi yake inateleza, na analiwa na tangawizi na kitunguu majani kwenye mafuta. Watu wa huku wana msemo kabisa kwamba bila kuku hakuna karamu. Sasa mtu ambaye bibi na babu zake wameitunza kazi kama hiyo anakuuzia uchafu, inauma.

Leo saa 7 mchana nimeenda, nikaagiza nyama mbili, bata na chasiu, yuan 28, nikaongeza yuan 6 nipate paja maana paja huku mara nyingi lina bei yake na ni sawa tu sina ugomvi na hilo. Dirishani walikuwepo bata wawili wazima, mapaja yote manne yapo, nimeyaona kwa macho yangu. Jamaa akaitikia kwa kichwa, akainama chini ya meza, akatoa boksi limeshafungwa, akaliingiza kwenye maikrowevu, akanipa. Nilikuwa na simu sikioni naongea na mtu wa kontena sikutilia maanani.

Nafika stoo nafungua. Shingo vipande vitatu. Mgongo. Ncha ya bawa. Paja hakuna! Ngozi imelegea kama karatasi iliyonyeshewa, mchuzi wamemwaga juu ya kila kitu mpaka wali wa chini umekuwa uji, upande mmoja unaunguza ulimi upande mwingine wa baridi na punje ngumu. Chasiu zimekatwa nyembamba unaweza kusomea gazeti, kavu, zile za mwisho mwisho. Yaani nyama ilikatwa asubuhi, ikafungiwa na mfuniko wake, mvuke ukafanya kazi yake, na ile ngozi iliyokaushwa masaa yote hayo ikafa humo ndani.

Nikarudi. Nikamfungulia boksi mbele yake, nikamuuliza paja nililolipia liko wapi. Ananijibu "dou yiyang", eti yote ni sawa sawa. Nikamwambia kama ni sawa basi nikatie yule wa kwenye ndoano. Akageuka akaanza kuongea na simu.

Basi nikasimama pale pembeni kama nusu saa nzima naangalia, na hapa ndo nilipoumia. Akaja bibi mmoja mwenyeji, akaongea nae Kikantoni, akanyoosha kidole, bata akashushwa, akakatwa mbele yake, mchuzi kwenye kikopo chake pembeni. Baada yake wakaja Waafrika wawili, boksi la chini ya meza. Akaja kijana wa pikipiki za kupeleka oda, boksi la chini ya meza. Msomali mmoja wa watu, aliyeagiza kuku, boksi la chini ya meza. Kwa hiyo sio suala la kukosa muda wala foleni, wanajua kabisa nani atagomba nani hatagomba, na aliyeko mbali anayeletewa na pikipiki nae ni Mchina mwenzao wanamuibia vile vile. Bata wa dirishani ni picha. Ni tangazo tu.

Ningeishia hapo ningesema ni hasara ya yuan 34 nimejifunza. Lakini wiki iliyopita nilimpeleka pale dada mmoja kutoka Musoma, safari yake ya kwanza, alikuja kwa ajili ya maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapa hapa Guangzhou. Ni Msabato, kitimoto hali. Nikamuagizia kuku wa soya, nikasema kwa kinywa changu "bu yao zhurou", yaani sitaki kitimoto, nikarudia mara mbili, muuzaji akasema sawa. Dada kala nusu ya boksi hotelini ndo anakuta chini ya mboga vipande viwili vyekundu vya chasiu. Alinipigia analia. Nilidhani bahati mbaya, kisu kimepitiliza, nikamuomba radhi nikawatetea wale watu! Leo nimeelewa, maboksi yanajazwa kwa mkupuo asubuhi, mabaki ya huyu yanajazia ya yule. Dada yangu popote ulipo nisamehe sana, nilikuhakikishia kitu nisichokijua.

Ndugu zangu Waislamu nyie msisogee kabisa hata kama kuna kuku, gogo ni moja na kisu ni kimoja na kitimoto, Xiaobei hapa hapa migahawa ya halali imejaa, tafuteni wale wa tambi za kuvuta kwa mkono wenye maandishi ya Kiarabu mlangoni.

Halafu afya. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Guangzhou na joto lake lile unyevu unakudondokea shingoni, wali na nyama zimekaa chini ya meza toka asubuhi mpaka saa 7, af unapitisha maikrowevu dakika moja, na upande mmoja haujapata hata moto. Watu wanaumwa matumbo wanasingizia maji.

Tusichafue Wakantoni wote, hapana. Mtaa wa nyuma kuna mzee anachoma asubuhi na anachoma tena mchana kwa ajili ya jioni, akiisha bata anakwambia ameisha, hakupi shingo kwa bei ya paja. Bei yake imezidi kwa yuan 3 tu. Kwa hiyo kazi inawezekana na faida ipo.

Na mjue hatuko bila haki. Sheria ya walaji ya China iliyorekebishwa 2013 iko wazi, kifungu cha 55, mteja akidanganywa analipwa nyongeza ya mara 3 ya bei aliyolipa, na hiyo ikiwa ni ndogo basi isiwe chini ya yuan 500. Namba ya malalamiko ni 12315. Sisi tunaogopa, tunasema nisije nikaguswa viza kwa ajili ya wali, na wao uoga wetu wanaujua, ndo unaowajazia boksi. Mi viza yangu iko sawa, malipo yapo kwenye simu yameandika paja kabisa, boksi nimelipiga picha kila upande.

Naomba kujua kwa aliyewahi kupiga hiyo 12315, wanapokea Kiingereza au nitafute mtu wa Kichina wa kuniongelea? Kesho asubuhi napiga.